Si kila mkojo unaochoma ni UTI

Kaa nusu saa kwenye duka lolote la dawa muhimu hapa Dodoma, liwe la Majengo karibu na soko, la Nkuhungu au la Chang'ombe, utaisikia UTI ikitajwa kuliko malaria. Mwanafunzi wa chuo ana UTI. Dereva wa bodaboda ana UTI, na anaisema kwa sauti ya chini hata helmeti hajavua. Mama mmoja ninayemfahamu ametibiwa mara nne tangu Pasaka, na yake anaiita UTI sugu. Ukitoka dukani, nguzo ya umeme iliyo mbele yako imebandikwa kikaratasi kinachoahidi kumaliza UTI sugu, PID (maambukizi ya mirija ya uzazi) na upungufu wa nguvu za kiume, namba ya simu ikiwa chini.

UTI ipo, na inasumbua kweli. Ninachosema ni kwamba jina hili limegeuka kanga ya kujistiri. Kisonono, klamidia, trikomona, hata malengelenge ya sehemu za siri, vyote tunavifunika humo humo, kwa sababu UTI inatamkika mbele ya mama mkwe na magonjwa ya zinaa hayatamkiki. Stara ni jambo jema kwetu. Lakini stara hii ina gharama, na wanaoilipa zaidi ni wanawake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na mara nyingi husababishwa na bakteria wanaoishi kwenye utumbo mkubwa, ambao wakisogea mbele huingia kwenye mrija wa mkojo na kupanda hadi kibofu. Mrija wa mwanamke una urefu wa karibu sentimita 4 tu, ndiyo maana wanawake huugua UTI ya kweli mara nyingi. Wa mwanaume ni kama sentimita 20. Mwanaume anaweza kupata UTI, hasa mzee mwenye tezi dume iliyovimba. Lakini kijana wa miaka 25 anayeamka asubuhi na kukuta usaha kwenye nguo ya ndani, huku mkojo ukimchoma kama pilipili, huyo achukuliwe kuwa ana kisonono au klamidia mpaka kipimo kiseme vingine. Kumwandikia UTI akaondoka nayo ni kumpunja.

Halafu kuna hadithi ya choo. Nyumba ya kupanga ina vyumba kumi, choo kimoja, na maji ya mgawo. Mtu akiumwa chini ya kitovu, choo ndicho cha kwanza kushitakiwa. Naelewa kwa nini. Choo hakiwezi kujitetea, na kikishabeba lawama hakuna aliyemo ndani ya chumba atakayeulizwa swali. Ila vijidudu vya kisonono na klamidia havidumu nje ya mwili wa binadamu. Vinataka unyevunyevu na joto la mwilini, na hupita wakati wa kujamiiana, au kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Choo kisafishwe, tena kila siku, kwa sababu ya kuhara na homa ya matumbo. Kisonono kina njia yake.

Maabara nazo zimechangia kulikuza jina hili. Mtu anapeleka mkojo, unatazamwa kwa hadubini, zinaonekana seli za usaha, cheti kinaandikwa UTI. Seli za usaha ni ishara kwamba kuna mapambano mahali fulani kwenye njia hiyo; hazisemi adui ni nani. Mwenye klamidia naye huwa nazo. Na klamidia yenyewe haionekani kwa hadubini ya kawaida, maana huishi ndani ya seli za mwili. Kuipata kwa uhakika kunahitaji kipimo cha vinasaba, ambacho hukikuti kwenye zahanati ya kijijini Bahi au Chemba. Ndiyo sababu Tanzania, kama nchi nyingi zenye maabara chache, inatibu magonjwa haya kwa kundi la dalili. Ukija na usaha, unapewa dawa za kisonono na klamidia kwa mpigo bila kusubiri majibu. Ukija na kidonda, unatibiwa vile vinavyoleta vidonda. Utaratibu huu ni mzuri na umeokoa wengi. Lakini unamkosa kabisa mtu ambaye haumwi popote.

Na wasioumwa popote ndio wengi, jambo ambalo sidhani kama tumelishika bado. Kati ya wanawake 10 wenye klamidia, kama 7 hawana dalili yoyote. Kwa kisonono, karibu nusu ya wanawake hawaoni kitu. Wanaume wenye klamidia nao wengi hawajijui. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 pekee watu milioni 374 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliambukizwa upya moja kati ya magonjwa manne yanayotibika: klamidia, kisonono, kaswende na trikomona. Hiyo ni zaidi ya milioni moja kwa siku, na wengi wao siku hiyo walikwenda kazini kama kawaida.

Kutokuumwa si kupona. Klamidia au kisonono kikikaa bila kutibiwa hupanda juu, kupitia mlango wa kizazi hadi kwenye mirija ya uzazi. Kwa klamidia isiyotibiwa, wanawake kati ya 10 na 15 katika kila 100 hufikia hatua hiyo. Mirija hupata makovu, na kovu halirudi nyuma hata vijidudu vikifa. Mrija ulioziba nusu huruhusu mbegu kupita lakini hulizuia yai lililorutubishwa kushuka, ndipo mimba inapotunga nje ya kizazi na mwanamke anakimbizwa hospitali ya mkoa huku damu ikivujia tumboni. Ukiziba wote, ni miaka ya kusubiri mtoto asiyekuja, na hapo ndipo wauzaji wa dawa za kusafisha kizazi wanapompata. Nimeona dada wa miaka 29 akiuza mbuzi wa mama yake kulipia chupa za mizizi, wakati kilichohitajika ni vidonge vya siku saba, miaka sita kabla. Na ndugu wa mume walikuwa wakimsema yeye.

Nirudi kwa yule mama wa UTI sugu, maana kisa chake ndicho kilichonikalisha kuandika. Mara zote nne alikwenda peke yake. Mara zote nne alimaliza dozi. Na kila baada ya wiki mbili tatu, uchafu wa rangi ya kijani kibichi, wenye harufu, ulirudi na kuwasha kukarudi. Hakuna aliyemuuliza habari za mume wake, ambaye anafanya kazi ya kuendesha lori na hurudi nyumbani kila baada ya siku kadhaa akiwa mzima wa afya. Dalili za mama zilikuwa za trikomona, na trikomona kwa mwanaume mara nyingi haina dalili. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake barabara. Mama alikuwa akipona, halafu akirudishiwa. Ugonjwa haukuwa sugu. Ulikuwa umetibiwa nusu.

Miongozo ya tiba inalijua hilo. Mgonjwa wa ugonjwa wa zinaa anatakiwa kupewa kadi ya kumwita mwenza wake, ili naye aje atibiwe hata kama haumwi. Swali ni hiyo kadi inafika wapi. Kwa ninavyoona, nyingi zinaishia ndani ya pochi, au zimekunjwa kwenye pindo la kitenge na kufuliwa humo humo. Kumpa mume kadi ile ni kumkaribisha aulize, "Umeyatoa wapi?" Mwanamke anajua kwamba swali hilo linaweza kuja na kofi, au na mabegi nje. Mwanaume naye akipewa kadi ampelekee mkewe anajua amekamatwa. Kwa hiyo kila mmoja anameza dawa zake kwa siri, na wakikutana usiku wanarudishiana.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo lingeokoa ndoa nyingi kama lingesemwa waziwazi kliniki: kipimo hakiwezi kukuambia nani kaleta. Klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, bila kujionyesha. Trikomona vivyo hivyo. Kaswende inaweza kulala miaka. Anayeonyesha dalili kwanza si lazima awe ndiye aliyeambukizwa kwanza. Mara nyingi ni yule tu ambaye mwili wake umepiga kelele mapema. Ndoa ya miezi minane inaweza kuibua ugonjwa uliokuwepo kabla ya posa. Atakayetaka kujua nani alichepuka, akamuulize mwenzake akiwa ameshatibiwa. Maabara haina jibu hilo. Ukiwa mke au mume unayetafuta namna ya kuanza, maneno machache yanatosha: "Nesi amesema tutibiwe wote wawili, na tusikutane mpaka tumalize dozi." Mpe nesi mzigo wa lawama, anauweza.

Sasa, kwa nini nalisema hili Dodoma? Mji huu umejengwa juu ya kuachana kwa muda. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, ukakaa miongo, kisha kuanzia 2016 watumishi wakahama kwa wingi, wengi wao wakimwacha mwenza Dar es Salaam kwa sababu ya shule za watoto au kazi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, huleta maelfu ya vijana walio mbali na kwao kwa mara ya kwanza. Mji wa Serikali pale Mtumba umevuta mafundi kutoka kila mkoa. Kibaigwa kuna soko la nafaka na malori ya mahindi yanayolala njiani. Na tangu katikati ya 2024 treni ya umeme imeifanya Dar kuwa safari ya saa chache, kwa hiyo ndoa nyingi sasa ni za Ijumaa hadi Jumapili.

Simnyooshei kidole mtu. Sipendi kabisa ile tabia ya kusema magonjwa haya ni ya wahudumu wa baa au wanafunzi. Ugonjwa wa zinaa hauchagui kazi. Unafuata mtandao wa watu waliokutana, na mji wa watu waliotengana na wenza wao una mtandao mrefu. Mtumishi wa Mtumba, mkewe wa Kimara kule Dar na mtu wa tatu ambaye hawajawahi kumwona wanaweza kuwa wagonjwa wa aina moja, kila mmoja akitibiwa UTI kwenye duka lake.

Tanzania inayo historia ya kujivunia katika jambo hili, na inanisikitisha kwamba tunaisahau. Kati ya 1991 na 1994 ulifanyika utafiti mkoani Mwanza, katika jamii 12 za vijijini. Sita ziliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vilevile vilivyokuwepo: watumishi walifundishwa kutibu kwa dalili, dawa zikahakikishwa hazikatiki, wanavijiji wakaelezwa kwamba huduma ipo na waiwahi. Hakukuwa na mashine mpya. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1995, maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo sita yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40 yakilinganishwa na zile nyingine sita. Sababu inaeleweka: kidonda ni mlango uliofunguliwa, na usaha ni wito kwa chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo VVU huzishambulia. Miaka michache baadaye utafiti wa Rakai, Uganda, uligawa dawa kwa watu wazima wote majumbani kila baada ya miezi kumi hivi, wagonjwa na wasio wagonjwa, na VVU haikupungua. Wataalamu wamejadiliana sana tofauti hiyo. Wapo wanaosema janga la Rakai lilikuwa limeshakomaa. Mimi nachukua pia lile lililo wazi: Mwanza mlango wa zahanati ulikuwa wazi siku ambayo mtu aliumwa.

Mlango huo hapa kwetu uko wazi kiasi gani? Nesi akimuuliza binti wa miaka 17 mbele ya foleni, "We mtoto, umeanza lini mambo hayo?", mlango umefungwa hata kama bango la huduma rafiki kwa vijana limetundikwa ukutani. Binti huyo hatarudi. Atakwenda dukani, ambako anauziwa vidonge vya rangi mbili vya siku tatu kwa sababu hela yake imeishia hapo. Dalili zitapungua. Vijidudu vilivyobaki ndivyo vyenye nguvu. Kisonono kimekuwa hodari wa kujifunza dawa. Siprofloksasini, ambayo wengi bado wanaiomba kwa jina, imeshindwa nacho sehemu nyingi za dunia kiasi kwamba haipendekezwi tena, na sasa tegemeo ni sindano ya seftriaksoni. Hiyo ndiyo akiba tuliyonayo, na nyuma yake hakuna foleni ndefu ya dawa nyingine. Kila nusu dozi inayouzwa inaila akiba hiyo.

Kaswende inahitaji kutajwa peke yake, kwa sababu ndiyo yenye hila kuliko zote na ndiyo yenye tiba rahisi. Kidonda chake cha kwanza hakiumi. Hukauka chenyewe baada ya wiki chache, na mtu hushukuru Mungu. Baadaye vipele, pengine hata kwenye viganja na nyayo, navyo huondoka. Kisha kimya, ambacho kinaweza kuvunjwa miaka mingi mbele kwa maradhi ya moyo au ya ubongo. Kwa mjamzito hakuna nafasi ya kusubiri: isipotibiwa, zaidi ya nusu ya mimba huishia vibaya, kwa kuharibika, mtoto kufia tumboni, kuzaliwa njiti au kuzaliwa na kaswende yenyewe. Tiba ni penisilini, dawa inayotumika kwa ugonjwa huu tangu 1943 na bado inaimaliza. Kliniki za wajawazito hupima kaswende pamoja na VVU, na kuna vipimo vya haraka vinavyotumia tone moja la damu kwa vyote viwili. Kwa hiyo ninapomsikia mama akisema alirudishwa hudhurio la kwanza kwa sababu hakuja na mume, akaambiwa alete barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba mume hayupo, nachoka. Nia ya kuwaleta wanaume kliniki ni nzuri, na makala hii yote inaililia. Lakini mama aliyefika apimwe kwanza. Mume atafutwe wakati dawa imeshaanza kufanya kazi.

Kinga nyingine zinajulikana, nizipitie haraka. Kondomu ikivaliwa tangu mwanzo hadi mwisho huzuia vizuri VVU, kisonono na klamidia. Kwa malengelenge, kaswende na HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, husaidia kwa kiasi, kwa sababu hivyo hupita hata kwenye ngozi ambayo mpira haujaifunika. Jando la Wagogo, kama tohara nyingine yoyote ya mwanaume iliyokamilika, hupunguza uwezekano wa mwanaume kupata VVU kwa karibu asilimia 60, wala si kinga kamili, na haimkingi mwanaume na kisonono. Aliyebakwa au aliyepasukiwa na kondomu afike kituoni ndani ya saa 72 apewe dawa za kuzuia VVU. Kila saa inayopita inapunguza nafasi. Kijana wa miaka 15 anaruhusiwa kupima VVU bila idhini ya mzazi tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019. Na chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, tangu 2024 hutolewa kwa walio na miaka 9 hadi 14, dozi moja tu, bure. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Wazazi wanaomficha binti siku ya chanjo shuleni kwa kuogopa uvumi kwamba inaharibu kizazi, nawaomba wakae na mgonjwa mmoja tu wa saratani hiyo, wamsikilize usiku mmoja.

Yule mama alikwenda mara ya tano, kituo kingine. Tabibu aliyemwona alikuwa kijana, akamuuliza maswali ambayo yalimfanya aangalie chini, kisha akampa kadi na kumwambia asipewe dawa nyingine yoyote ya UTI na mtu yeyote mpaka baba afike. Alikaa na kadi siku tisa. Siku ya kumi lori liliporudi kutoka Kibaigwa aliiweka chini ya kikombe cha chai. Mume aliisoma, akanyamaza mpaka chai ikapoa, akauliza kituo kinafunguliwa saa ngapi.

Duka moja la Nkuhungu ninalopita jioni, dada anayeuza pale amebadilisha namna ya kuhudumia. Zamani akiombwa dawa ya UTI aliuliza, "Ya bei gani?" Siku hizi anauliza, "Mko wangapi?" Wapo wanaokasirika na kuvuka barabara kwenda duka la pili. Wapo wanaosimama kidogo, wakatazama nyuma kama kuna mtu anayesikia, halafu wakamuuliza zahanati ya karibu iko wapi.